Kikokotoo cha kepu cha Over The Cap: nimeivunja na kuijenga Broncos nikiwa kwenye kochi, haya maoni yangu

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aende zake. Kama unaangalia NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) na umewahi kupiga kelele "kwa nini wasimfukuze tu huyu jamaa wakasajili mwingine", basi nenda Over The Cap, saiti ya mikataba ya NFL, fungua kikokotoo chao cha kepu, yaani kikomo cha mishahara (sio kile cha mafao ya wastaafu, tulia), kaa nacho jioni moja, utaacha kupiga hizo kelele au angalau utaanza kuzipiga kwa akili. Ni bure. Nakipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeibania makusudi, huko mbele nitasema kwa nini.

Mimi naishi huku Colorado, timu yangu ni Broncos ya Denver, na miaka hii ya karibuni ukiwa shabiki wa Broncos lazima uwe nusu mhasibu. Sasa kwa wadau wa nyumbani ambao mnausikia tu huu mpira wa kubeba mikononi, niwawekee msingi kidogo. Sisi tumezoea Mo anafungua pochi kule Simba, GSM wanafungua huku Yanga, mwenye hela ndo anasajili na asiye nazo anauza wachezaji. NFL hakuna hiyo. Ligi inatangaza kila mwaka kiwango kimoja cha juu cha mishahara, ndo hiyo kepu, timu zote 32 zinaanzia hapo hapo, na hautakiwi kukivuka hata kwa dola moja. Ilianza 1994 ikiwa dola milioni 34.6, mwaka 2024 ikawa milioni 255.4, 2025 ikapanda hadi 279.2. Broncos inamilikiwa na akina Walton-Penner, hawa ni ukoo wa Walmart, waliinunua 2022 kwa dola bilioni 4.65, na bado wanaanza na kiwango kilekile wanachoanza nacho Green Bay ambao hawana tajiri hata mmoja, timu yao ni ya wanahisa wa kawaida. Kwa hiyo hapa utajiri wa mwenye timu unasaidia pembeni pembeni tu, kazi kubwa iko kwa mtu wa mahesabu na meneja mkuu anayemsikiliza.

Haya, chenyewe kikoje. Unachagua timu, inakuja orodha ya wachezaji wote, kila mmoja na mzigo wake wa kepu kwa mwaka huo. Pembeni ya jina unachagua unataka kumfanya nini: umwache kabla ya Juni 1, umwache baada ya Juni 1, umtredi kwa timu nyingine, umpangue mkataba, umwongezee. Ukichagua, namba za timu zinabadilika hapo hapo na unaona nafasi (kepu iliyobaki) imepanuka au imezidi kubana. Ndo hivyo tu. Hakuna mapambo, hakuna video zinazojifungua zenyewe, ni jedwali na namba, na mwenye macho ya haraka anaweza kusema mbona kama karatasi ya mhasibu wa kata. Mimi hilo napenda. Jason Fitzgerald aliyeianzisha hii saiti ni mtu wa mikataba kweli kweli na unaona kabisa kimetengenezwa na mtu anayejali namba kuliko rangi.

Uzuri wake hauonekani mpaka ukipe kazi ngumu, na kazi ngumu kuliko zote tuliipata sisi, inaitwa Russell Wilson.

Nirudi nyuma kidogo. Broncos walichukua Super Bowl, yaani ubingwa, Februari 2016 na Peyton Manning, mzee akastaafu, baada ya hapo tukaanza kubadilisha makotabeki (wale warusha mpira wanaoongoza timu) utadhani tunajaribu viatu dukani, Siemian, Lynch, Keenum, Flacco, Lock, Bridgewater. Machi 2022 uongozi ukachoka, wakampa Seattle chaguo mbili za raundi ya kwanza ya drafti (zamu za kuchagua vijana wapya), mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tano, na wachezaji watatu juu yake, ili wampate Wilson. Septemba, kabla hajarusha hata mpira mmoja wa mechi ya ligi, wakamwongezea mkataba wa miaka 5 dola milioni 245. Msimu ukaisha 5-12, yaani kushinda 5 kupoteza 12, kocha Hackett akafukuzwa kabla hata ligi haijaisha. Akaja Sean Payton 2023, tukapata 8-9, na zikiwa zimebaki mechi mbili Wilson akakalishwa benchi.

Watu wengi walidhani amekalishwa kwa sababu ya kiwango tu. Kulikuwa na kipengele kwenye mkataba: dola milioni 37 za mwaka 2025 zilikuwa zimehakikishwa endapo ataumia, yaani akivunjika goti kwenye mechi hizo mbili za mwisho asiweze kupita vipimo mwezi Machi, hizo milioni 37 zinaganda kwenye vitabu vyako. Ukijua hilo unaelewa kwa nini kotabeki wa akiba, Stidham, ndo alimalizia msimu. Weka hapo akilini maana nitarudi kwenye hili nikifika kwenye ile nyota niliyoibania.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe maana hapa ndo utamu ulipo, na ndo kilinifanya nikipende hiki kidude. Mchezaji akisaini analipwa bonasi ya kusaini mkononi, lakini kwenye kepu ile bonasi unaruhusiwa kuigawa kwa miaka ya mkataba mpaka mitano. Wilson alipewa milioni 50, ikagawanywa milioni 10 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2026. Mwaka 2023 akapewa bonasi nyingine ya milioni 20, hiyo ikawa milioni 4 kwa mwaka hadi 2027. Halafu 2024 alikuwa na milioni 39 ambazo zimehakikishwa, uwe naye usiwe naye unalipa. Machi 2024 unataka kumwacha. Zile za kugawa ambazo hazijafika zote zinakurudia: milioni 30 za bonasi ya kwanza, 16 za bonasi ya pili, na zile 39. Jumla milioni 85. Pesa mfu, yaani inakaa kwenye kepu yako na mtu mwenyewe yuko Pittsburgh anavaa jezi nyingine. Rekodi ya ligi wakati ule. Kabla ya hapo watu walikuwa wanashangaa Eagles kubeba milioni 33.8 za Carson Wentz 2021 na Falcons kubeba 40.5 za Matt Ryan 2022, sisi tukaja tukawafunika wote.

Ukibonyeza kumwacha kabla ya Juni 1, milioni 85 zote zinaangukia 2024, ambayo ni theluthi nzima ya kepu ya mwaka ule. Timu ya wachezaji 53 na theluthi ya hela inalipa kivuli. Ukibonyeza baada ya Juni 1, sheria inakuruhusu kubeba za mwaka huo kwanza na zilizobaki zisogee mwaka unaofuata, kwa hiyo 2024 unabeba 53 (yaani 10, na 4, na 39) halafu 2025 unabeba 32. Na hapo kikokotoo kinakuonyesha kitu ambacho kwenye televisheni hawakisemi: mzigo wa Wilson kama angebaki 2024 ulikuwa milioni 35.4 tu. Kumwacha kuligharimu zaidi kuliko kumweka. Nafasi uliyookoa inaonekana na alama ya kutoa mbele yake. Shabiki wa kawaida akiona hivyo anasema basi mbakize, na pale ndo unajifunza somo la kwanza la kujenga timu upya, kwamba swali la kepu siyo sana utalipa ngapi, ni utalipa mwaka gani. Broncos walichagua kuumia 2024 na 2025 ili 2026 iwe safi. Pittsburgh wao walimlipa Wilson kima cha chini cha mkongwe, dola milioni 1.21, na Denver ikamalizia zilizobaki kwenye zile 39. Nakwambia huku mtaani watu walitukana wiki nzima.

Sasa fungua orodha uanze kukata. Justin Simmons, beki wetu wa nyuma, mtu wa watu, nahodha, akaachwa Machi ileile, nafasi ikapanuka kwa milioni 14.5. Jerry Jeudy akatrediwa Cleveland kwa chaguo za raundi ya tano na ya sita, yaani karibu na bure ukikumbuka alikuwa chaguo la raundi ya kwanza. Ukifanya haya mwenyewe kwenye skrini, jina moja moja, inauma tofauti na kuyasikia kwenye habari. Unaanza kutafuta mtu mwingine wa kumkata badala ya Simmons, unapanda unashuka kwenye orodha, unagundua wengine wote ama ni watoto wa drafti wanaolipwa kidogo ambao ukiwakata huokoi kitu, ama ni watu waliopanguliwa mikataba juzi ambao ukiwakata pesa mfu inazidi mshahara. Anayebaki ni yuleyule mkongwe mzuri mwenye mshahara mkubwa usiohakikishwa. Ndo maana kila Machi wanaoachwa ni watu wa aina moja.

Na kotabeki unampata wapi wakati kepu imeliwa hivyo? Drafti. Tangu 2011 mishahara ya wanaotoka drafti imepangwa kwa namba ya chaguo lako, hakuna kubishana sana. Bo Nix, chaguo la 12 mwaka 2024, miaka minne jumla kama dola milioni 18.6 hivi. Rudia kusoma, miaka minne yote. Wilson peke yake alitugharimu karibu mara tatu ya hiyo kwa mwaka mmoja akiwa hayupo. Nix akaanza mechi zote, tukamaliza 10-7, mtoano wa kwanza tangu enzi za Manning, Buffalo wakatuchapa 31-7 lakini nani anajali, tulifika na milioni 53 mgongoni. Msimu wa 2025, bado na zile 32, tukaenda 14-3.

Kitu ambacho kikokotoo kilinifumbua macho ni kwamba katikati ya mzigo wote huo Broncos bado waliwaongezea mikataba watu wao. Meinerz miaka 4 milioni 80, Surtain miaka 4 milioni 96 (mwaka uleule akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima), baadaye Sutton, Zach Allen, Bonitto. Unajiuliza hela imetoka wapi. Haikutoka popote, ile bonasi inalipwa leo taslimu ila kwenye kepu inasambazwa mbele, na hapo ndo utajiri wa Walmart unaposaidia, maana kepu ni sawa kwa wote lakini taslimu ya kutoa hundi ya bonasi leo sio wote wanayo. Hili nitalisema tena chini.

Bonitto nisimpite hivi hivi. Novemba 2021 Broncos walimtoa Von Miller kwenda Rams, na katika mshahara wa milioni 9.7 uliokuwa umebaki wakakubali kulipa milioni 9 wao wenyewe. Watu wakasema wendawazimu, unamtoa mtu na unamlipia. Lakini kwa kulipa vile Rams wakatoa chaguo za raundi ya pili na ya tatu, na ile ya raundi ya pili, namba 64, ndo ikawa Nik Bonitto. Walikuwa na nafasi ya kepu ambayo haina kazi kwenye msimu ulioshaharibika, wakainunulia mchezaji wa kesho. Rams nao wakachukua Super Bowl msimu uleule, kila mtu akaenda kwake na chake.

Kitufe hatari kuliko vyote mle ndani ni kile cha kupangua mkataba. Unachukua mshahara wa mchezaji wa mwaka huu, unaugeuza bonasi, unausambaza miaka inayofuata, na ikiwa miaka ya mkataba haitoshi unaongeza miaka hewa kule mwisho, miaka ambayo kila mtu anajua hatacheza. Nafasi inafunguka papo hapo, milioni 10, 12, 15, bila kumkata mtu, bila mtu kulia. Mchezaji mwenyewe anafurahi maana anapata hela yake mapema. Ni daftari la mangi lile, unabeba unga na mafuta leo na hakuna anayekuuliza, ila jina lako limeandikwa na tarehe. Bonyeza mara tatu nne kwenye kikokotoo timu inakuwa na nafasi ya kusajili nyota, unajiona meneja mkuu wa mwaka. Halafu badilisha uangalie mwaka unaofuata.

Nina jamaa yangu mmoja wa Mombasa, tuko naye hapa Aurora, yeye ni wa Saints, na huwa tunabishana hili mpaka wake zetu wanaondoka sebuleni. Hao Saints wa New Orleans, chini ya meneja mkuu Mickey Loomis, wamefanya hivi mwaka baada ya mwaka, wanaingia Machi wakiwa wamevuka kepu kwa makumi ya mamilioni na mpaka siku ya mwisho wanakuwa wameshuka chini ya mstari kwa kupangua tu. Jamaa anasema "sasa si unaona, kepu ni hadithi, haipo, watu wajanja wanaipita". Nami namwambia ami, ilipokuwepo sababu ya kuipita, yaani kotabeki wao Drew Brees, ilikuwa sawa kabisa, walikuwa wanashindania ubingwa. Brees kastaafu Machi 2021 na tangu hapo hawajaingia mtoano, ila mtindo ni uleule, wanasogeza deni la timu ambayo haishindi. Na 2021 ndo mwaka kepu ilishuka kwa sababu ya korona, kutoka 198.2 hadi 182.5, kila aliyekuwa amesukuma mzigo mbele akitegemea kepu ipande akakutana nao ukiwa umenona na pochi imekonda. Jamaa hakubali mpaka leo. Anasema Eagles wanafanya hayohayo, miaka hewa kila mahali, na wamechukua Super Bowl Februari 2025. Hapo ana hoja na namwachia, ila meneja wao Howie Roseman anasukuma mizigo ya vijana wanaopanda, Saints walisukuma mizigo ya wazee wanaoshuka. Kitufe ni kimoja, ila anayebonyezewa siyo yuleyule.

(Wale wa Premier League mtaikumbuka hii kwa Chelsea, Januari 2023 Mudryk mkataba wa miaka minane na nusu ili ada igawanywe kidogo kidogo. UEFA wakaja na kikomo cha miaka mitano, Premier League nayo ikafuata. Mitano kamili, kama NFL. Waliotunga sheria za hela duniani kote nahisi wanakaa meza moja.)

Kuna njia nyingine ya kujenga, ya kubomoa mpaka msingi, na ukitaka kuicheza fungua Bears halafu ufuate walichofanya. Meneja mkuu Ryan Poles aliingia 2022, Machi akamtredi Khalil Mack kwa Chargers na kubeba milioni 24 za pesa mfu bila kuona aibu, msimu ukiendelea akamtoa Roquan Smith kwa Ravens na Robert Quinn kwa Eagles. Wakamaliza 3-14, wa mwisho. Machi 2023 wakawa na nafasi kubwa kuliko timu yoyote, karibu milioni 100, pamoja na chaguo namba moja la drafti, wakaliuza kwa Panthers wakapata DJ Moore na chaguo kibao, na moja kati ya hizo ikaja kuwa namba moja tena mwaka 2024, wakamchukua Caleb Williams. Kwenye karatasi ni darasa. Lakini milioni 100 za nafasi ulizonazo Machi ukaziangalia vizuri unagundua sokoni kuna nini, walimpa Tremaine Edmunds miaka 4 milioni 72, mchezaji mzuri, ila si mtu anayegeuza timu. Wachezaji wanaogeuza timu hawaingii sokoni, timu zao zinawazuia. Bears walienda 7-10, halafu 5-12, mpaka 2025 alipokuja kocha Ben Johnson ndo mambo yakakaa sawa. Kwa hiyo ukiona kwenye kikokotoo umefungua nafasi kubwa kuliko wote usishangilie, bado hujasajili mtu.

Na huwezi kukaa na hela hizo milele ukisubiri. Ambazo hujatumia unaruhusiwa kuzibeba kwenda mwaka ujao, sawa, lakini makubaliano ya 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji yanailazimisha kila timu itumie taslimu angalau asilimia 90 ya kepu kwa kipindi cha miaka mitatu mitatu hivi. Kikokotoo hakikwambii hilo, ukikifuata unaweza kujenga timu ya ubahili ambayo kwenye maisha halisi chama kingeshakufuata ofisini.

Kitu kingine mgeni anachoteleza nacho. Kuna namba mbili za nafasi. Moja ni ya kawaida, nyingine ni ile halisi, baada ya kutoa hela ya kujaza kikosi na ya kuwalipa watoto wa drafti wanaokuja. Kipindi cha mapumziko ni mikataba 51 mikubwa tu ndo inahesabiwa, kwa hiyo ukimkata mwenye mshahara wa milioni 3 hujaokoa 3, maana kuna mwingine wa chini anapanda kuingia kwenye ile 51. Over The Cap wanaziweka namba zote mbili kwenye ukurasa wa nafasi za timu, ya pili ndo ya kuamini. Watu wengi wanabandika ile ya kwanza mitandaoni na kuanza kusajili watu sita.

Haya ile nyota. Kikokotoo chochote cha aina hii, siyo hiki tu, kinakupa kila kitu isipokuwa sababu. Nirudi kwa zile milioni 37 za Wilson. Kwenye jedwali hazionekani Desemba 2023, jedwali linaonyesha mzigo wa mwaka, haliwezi kukupigia kelele kwamba kuna siku fulani ya Machi ikifika hela inaganda. Inabidi uingie ukurasa wa mchezaji mwenyewe, usome maelezo ya dhamana, tarehe, masharti, na kusema kweli huko ndiko saiti yao ilikonona, ila mtu aliyekuja kubonyeza hafiki huko. Pili, hakijui taslimu. Ukipangua mikataba mitano kwenye skrini, mahali fulani kuna mtu halisi inabidi atoe milioni 60 au 70 mwezi huo, na siyo kila mwenye timu anaamka na hela hiyo. Tatu, ile hesabu ya baada ya Juni 1 unaruhusiwa kuitumia kwa wachezaji wawili tu ukiwaacha kabla ya tarehe hiyo, na hata hao nafasi yao inafika Juni 2, wakati Machi yenyewe wachezaji wazuri wanaisha ndani ya siku chache. Kwa hiyo ile nafasi tamu uliyoifungua kwenye kochi unaweza kuikuta halisi wakati sokoni wamebaki wenye magoti mabovu. Na nne, hakijui chumba cha kubadilishia nguo. Kumtoa Simmons ni milioni 14.5, kumtoa nahodha ni kitu kingine na hakina safu kwenye jedwali.

Namba za mwaka wa mbele nazo ni makadirio, kepu ya mwaka ujao haijatangazwa, usizichukulie kama msahafu.

Kulinganisha na wengine, Spotrac nao wako vizuri na wanafunika michezo mingi, kikapu, besiboli, mpaka Premier League, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kila kitu anzia huko. Kwa NFL peke yake mimi nabaki Over The Cap, hasa kwa makadirio yao ya chaguo za fidia anazofanya Nick Korte, zile za raundi ya tatu mpaka ya saba ambazo ligi inakupa ukipoteza wachezaji huru wengi kuliko uliowasajili. Meneja anayejenga upya anayajali sana hayo, na ukianza kuyafuatilia utaelewa kwa nini timu nyingine inasubiri mpaka mwisho wa Aprili au Mei ndo isajili mkongwe, baada ya tarehe ambayo usajili hauhesabiwi tena. Na ushauri wa bure, tumia kompyuta, mimi simu yangu kioo kidogo na majedwali mapana hayapatani kabisa, nikibonyeza kumpangua Bolles vidole vyangu vinambonyeza jirani yake.

Kama unaanza, usianze na timu yako, utalia. Chukua Cleveland, wale waliompa Deshaun Watson milioni 230 zote zimehakikishwa mwaka 2022 halafu wakawa wanampangua mkataba ili wapumue, jaribu kumwacha kwa kila njia uone zinavyobadilika rangi. Ukitoka salama ndo rudi kwako.

Mimi sasa hivi niko kwenye kazi ya Nix. Sheria inasema mtoto wa drafti haruhusiwi kuongezewa mkataba mpaka msimu wake wa tatu uishe, kwa hiyo wake unafunguka baada ya msimu wa 2026, na kama chaguo la raundi ya kwanza timu ina haki ya mwaka wa tano. Nimemwekea namba za makotabeki wa siku hizi, nimemweka Surtain, Bonitto, Allen na Meinerz palepale walipo, halafu nikaangalia 2028. Kuna mmoja kati yao hatoshei. Jamaa wa Mombasa anasema bonyeza kupangua.